Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nomino za Kitalmeri na uhusika wake

Kitalmeri ni lugha niliyoibuni mwenyewe. Haina mzungumzaji hata mmoja aliyeinyonya na maziwa ya mama, lakini hilo halijawazuia watu kuniuliza maswali mazito juu yake, na mengi yanaangukia mahali pamoja: miishio ya nomino. Nimeyakusanya hapa ili nisiendelee kujibu jambo lile lile kila wiki. Ambaye hajawahi kukiona Kitalmeri aanze swali la kwanza. Ambaye linamtatiza kundi la tatu aruke moja kwa moja hadi kwenye jedwali.

Uhusika ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Shuleni tulifundishwa kiima, kipozi na kitondo: nani katenda, nani katendwa, nani katendewa. Hizo ni kazi ambazo nomino hufanya katika sentensi, na lugha zote zinazo. Uhusika ni pale kazi hiyo inapoandikwa kwenye nomino yenyewe, kama mfanyakazi aliyevaa sare. Ukimwona tu umeshajua idara yake, hata akiwa amesimama nje ya ofisi.

Tazama:

*Kor danem huneva.* Mwindaji alimwona chui.
*Danem kor huneva.* Mwindaji alimwona chui.
*Dane korem huneva.* Chui alimwona mwindaji.

*Kor* ni mwindaji, *dane* ni chui, *huneva* ni "aliona". Sentensi ya kwanza na ya pili zina habari moja ingawa maneno yamebadilishana viti. Ya tatu ni balaa jingine kabisa, kwa sababu -m imehama.

Kiswahili hakina mambo hayo na tunaelewana vizuri. Kitalmeri kinauhitaji uhusika wa nini?

Kiswahili kimempa kitenzi mzigo huo. Ukisema "Kisu mtoto amekichukua", hakuna atakayedhani kisu ndicho kilichomchukua mtoto. Kiambishi a- kinamwelekea mtoto, ki- kinaelekea kisu, na hesabu inakamilika ndani ya kitenzi. Ngeli zinafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na uhusika.

Sasa jaribu "Chui mwindaji alimwona." Wote wawili ni wa A-WA. A- yaweza kuwa ya yeyote, na m- vivyo hivyo. Hapo msikilizaji hutegemea mpangilio, mkazo wa sauti, au akili yake tu. Msemaji makini atakimbilia "chui alionwa na mwindaji" au "mwindaji ndiye aliyemwona chui". Nilianza kubuni Kitalmeri kwa sababu ya sentensi za namna hiyo. Nilitaka lugha isiyo na ngeli hata moja, yenye kitenzi kisichobeba dalili ya kiima wala kipozi, nione nomino zikiachiwa mzigo wote zitaubebaje.

Na -ni ya nyumbani, mezani na shuleni? Si uhusika huo?

Swali zuri, na sina jibu la neno moja. Kwa sura ni mwishio wa mahali kama wowote ule: meza, mezani. Lakini uhusika wa kawaida hauigusi ngeli ya nomino, ilhali -ni huibadilisha. "Meza yangu" inageuka "mezani pangu", na nyumba ikishapata -ni unaweza kusema nyumbani pana watu, kuna watu, au mna watu, kila moja kwa maana yake. Zaidi ya hayo, -ni haibandikwi popote. Hatusemi "chumba kikubwani", tunasema "katika chumba kikubwa". Kwa hiyo mimi huiona kuwa binamu wa uhusika. Mkitaka kuiita uhusika sitagombana na mtu.

Kitalmeri kina hali ngapi za uhusika?

Sita: ya kiima, ya kipozi, ya mmiliki, ya kitondo, ya mahali na ya utokako. Wanaotumia majina ya kimataifa wataziita nominatifu, akusatifu, genitifu, datifu, lokatifu na ablatifu. Mimi natumia yale ya kwanza.

Mbona sita tu? Si kuna lugha zenye kumi na tano?

Zipo. Kifini kina hali 15, na Kihungari huhesabiwa kuwa na 18 hivi, kutegemea nani anahesabu. Upande wa lugha za kubuni, toleo la mwaka 2011 la Ithkuil ya John Quijada lilikuwa na 96. Lakini wingi wa hali hauifanyi lugha kuwa na akili zaidi. Hali nyingi za Kifini na Kihungari ni za mahali: ndani ya, kutoka ndani ya, kuingia ndani ya, juu ya, kutoka juu ya, na kadhalika. Kinachosemwa kwingine kwa neno la pembeni kimegandishwa kwenye nomino, basi.

Waliosoma nahau ya Kiarabu wanajua kwamba hali tatu zinatosha kabisa: *al-kitabu*, *al-kitaba*, *al-kitabi*, yaani rafu, nasbu na jarri. Irabu moja ya mwisho inafanya kazi yote. Kijerumani kina nne. Kituruki kina sita, na ndicho kilichonishawishi: *ev* ni nyumba, *eve* ni kwenda nyumbani, *evde* ni nyumbani, *evden* ni kutoka nyumbani. Nilipenda kwamba hali ya kitondo ya Kituruki ndiyo hiyo hiyo ya uelekeo, maana kumpa mtu kitu na kukipeleka kitu mahali ni mwendo mmoja. Kitalmeri kimeiga jambo hilo waziwazi: *kolle* ni "kwa mwindaji", *tolale* ni "kuelekea nyumba".

Niwekee miishio yote mahali pamoja.

| Hali | nyumba (kundi 1) | mwindaji (kundi 2) | jiwe (kundi 3) |
|---|---|---|---|
| kiima | tola | kor | sira |
| kipozi | tolam | korem | sirakem |
| mmiliki | tolari | korri | sirakri |
| kitondo | tolale | kolle | sirakle |
| mahali | tolasu | korsu | sirassu |
| utokako | tolata | korta | siratta |

Wingi huchukua -ne kabla ya mwishio wa hali: *tolane*, *konne*, *sirakne*. Baada ya -ne kila nomino inafuata kundi la kwanza, kwa sababu sasa inaishia na irabu: *tolanem*, *konnem*, *siraknem*. Kwa maneno mengine wingi ni rahisi kuliko umoja. Watu hushangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Kama miishio ni ile ile, makundi matatu yametoka wapi?

Hapa ndipo wabunifu wengi wa lugha wanapojikwaa, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Njia ya mkato ni kuketi na kuchora majedwali matatu yenye miishio tofauti, kisha kuzigawa nomino humo kama kadi. Nilifanya hivyo mara ya kwanza. Matokeo yalikuwa jedwali lililokaa vizuri machoni na lisilokaa kichwani hata siku moja, maana hapakuwa na sababu yoyote ya neno hili kuwa hapa na lile kuwa kule. Mwanafunzi hukariri, na mbunifu mwenyewe husahau.

Mara ya pili nilianza na seti moja tu ya miishio, ile ile kwa nomino zote, kisha nikaziachia sauti zikwaruzane. Sheria ni nne tu:

Kwanza, mwishio wa kipozi ulikuwa -em, nao ukikutana na irabu, e inamezwa. *Tola* na -em zikawa *tolam*.

Pili, r ikigusana na l au n inafanana nayo. *Kor* na -le zikawa *kolle*. *Kor* na -ne zikawa *konne*.

Tatu, k na t mwishoni mwa neno zilidondoka. Neno la kale la jiwe lilikuwa *sirak*. Likisimama peke yake siku hizi ni *sira*, lakini likiwa na mwishio, k haiko mwishoni tena, kwa hiyo imepona: *sirakem*, *sirakri*.

Nne, k na t zikikutana na t au s zinazama ndani yake: *sirak* na -ta zinatoa *siratta*, *sirak* na -su zinatoa *sirassu*.

Basi. Makundi matatu yamezaliwa yenyewe kutoka seti moja. Kundi la kwanza ni nomino zilizokuwa na irabu tangu zamani, la pili ni zenye konsonanti iliyosalimika, la tatu ni zenye konsonanti iliyojificha. Lugha za kweli zimejaa mambo haya. Kilatini kinasema *rex* kwa mfalme, lakini *regis* kwa "ya mfalme": ile g ilikuwepo siku zote, ila ikigusana na s ya kiima hubadilika na kuandikwa x.

Nitajuaje kwamba sira ni ya kundi la tatu na si la kwanza?

Kwa kuitazama tu hutajua. Kamusi ya Kitalmeri huandika kila nomino kwa sura mbili, kiima na kipozi: *tola, tolam*, *sira, sirakem*, *lumo, lumotem* (jicho). Jifunze zote mbili kwa pamoja kama jina moja. Kamusi za Kilatini hufanya vivyo hivyo, ila wao huweka kiima na hali ya mmiliki.

Je, -m ya kipozi ni lazima kila mara?

La. Viumbe hai huichukua daima. Vitu visivyo na uhai huichukua pale tu vinapokuwa vimeshajulikana kati ya wanaozungumza.

*Kor sira huneva.* Mwindaji aliona jiwe, lolote lile.
*Kor sirakem huneva.* Mwindaji aliliona lile jiwe.

Sikulitoa hewani. Angalia unavyosema mwenyewe: "nimemwona mtoto" ina m- hata kama mtoto humjui, lakini "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" ni mambo mawili. Kituruki kina tabia inayokaribiana na hiyo kwenye nomino: *kitap okudum* ni "nilisoma kitabu", na *kitabı okudum* ni "nilikisoma kile kitabu". Lugha zisizo na undugu wowote zinatengeneza mpaka karibu mahali pale pale. Ningeutupa mpaka huo ningekuwa najinyima kitu kizuri.

Kasoro yake ninaijua. Sentensi yenye kiima kisicho na uhai na kipozi kisicho na uhai kisichojulikana inabaki na nomino mbili tupu, mfano "maji yalileta mchanga". Hapo kiima ndicho hutangulia. Kwa hiyo wanaosema kwamba mpangilio wa Kitalmeri ni huru kabisa wananisifu kupita kiasi.

Uhuru huo wa mpangilio unatumika kwa nini basi?

Kwa msisitizo. Kinachotangulia ndicho kinachozungumziwa, na kinachokaa karibu na kitenzi ndicho habari mpya. *Kor danem huneva* inajibu "mwindaji alimwona nani?" na *Danem kor huneva* inajibu "chui alionwa na nani?" Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa "ndiye", na hukifanya kitenzi kirefuke. Sisemi kipi ni bora.

Kivumishi kinavaa mwishio pia?

Hapana. Mwishio hukaa kwenye neno la mwisho la kirai, mara moja tu. *Tola mavo* ni nyumba kubwa. "Ndani ya nyumba kubwa" ni *tola mavosu*, wala si *tolasu mavosu*. Kibaski hufanya hivyo: *etxe* ni nyumba, *handi* ni kubwa, *etxe handian* ni "katika nyumba kubwa". Kilatini, Kirusi na Kifini huwavika wote. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea "vitabu vyangu vikubwa viwili vizuri", hudhani upatanisho ni wajibu wa kila lugha yenye adabu. Nilitaka kupumzika kidogo.

Mmiliki anatangulia kitu chake, na unaweza kuwapanga mmoja nyuma ya mwingine: *korri tolari pena* ni "mlango wa nyumba ya mwindaji". Usome kutoka mwisho kurudi mwanzo na utaupata Kiswahili chake neno kwa neno.

Miishio yenyewe uliitoa wapi? Uliokota silabi tu?

Ile -em, ndiyo, niliiokota. Nyingine zina asili. -su ni masalia ya neno la kale *sute*, tumbo. -ta ni ya *tava*, mgongo, maana unachokiacha unakipa mgongo. -le ilikuwa *lei*, mkono. Yaani zamani za kubuni watu walisema "nyumba tumbo" wakimaanisha ndani ya nyumba, kisha neno likachakaa likawa silabi moja.

Kihungari kina mfano ninaoupenda kuliko yote. Hati ya kuanzishwa kwa abasia ya Tihany, ya mwaka 1055, imeandikwa kwa Kilatini lakini ndani yake mna maneno ya Kihungari, na humo limo *rea* likiwa limeandikwa pembeni ya nomino kama neno linalojitegemea. Leo ndilo mwishio -ra au -re, umeungana na nomino kiasi kwamba irabu yake hulazimika kufanana na za neno lililotangulia. Na -ban/-ben ya "ndani ya" hufungamanishwa na neno la tumbo na matumbo. Hata -ni yetu, wapo wanaisimu wanaoihusisha na neno la kale la Kibantu la ini, kile kiungo cha ndani ya mwili. Nilikuwa nimeshachagua tumbo kabla sijasoma hayo, nikacheka peke yangu.

Mwishio ndiyo njia pekee?

Hata kidogo. Kimaasai hukitofautisha kiima na kipozi kwa toni ya nomino, bila kuongeza silabi yoyote. Ningekuwa na sikio la toni ningejaribu.

Kwa nini hukutumia ergatifu?

Kwanza tuelewane ni nini. Chukua sentensi tatu: "Mtoto alilala. Mtoto alivunja kikombe. Kikombe kilivunjika." Kitalmeri humpa mtoto sura moja katika mbili za kwanza, kwa sababu ni kiima zote mbili. Lugha ya ergatifu, kama Kibaski, huviweka pamoja vitu vingine: mtoto aliyelala na kikombe kilichovunjwa wanapata sura moja, na mtoto mvunjaji ndiye anayepewa alama ya pekee. Ukiona jinsi kikombe kinavyohama kutoka kipozi cha "vunja" hadi kiima cha "vunjika" bila hali yake kubadilika, utaanza kuelewa mantiki yake. Kihindi hutumia utaratibu wa namna hiyo kwenye vitendo vilivyokamilika tu, kwa kuweka *ne* baada ya mtendaji. Paul Frommer alipoitunga Na'vi, lugha ya filamu ya Avatar, aliweka alama tatu tofauti, moja ya mtenda, moja ya mtendwa, na sura tupu kwa anayelala au kutembea.

Sikuitumia kwa sababu nilikuwa nimeshaandika hadithi nne kwa Kitalmeri kabla sijaifahamu vizuri. Hakuna sababu ya kitaalamu zaidi ya hiyo.

Kiesperanto kina -n moja tu na kinatosha. Hukuona hilo?

Nililiona. L. L. Zamenhof alikitoa mwaka 1887 kikiwa na -o kwa nomino, -j kwa wingi na -n kwa kipozi: *kato vidas hundon*, paka anamwona mbwa. Hakuna makundi wala neno linalokaidi. Volapük ya Johann Martin Schleyer, iliyomtangulia kwa miaka michache, ilikuwa na hali nne kwa irabu: *vol*, *vola*, *vole*, *voli*. Jina la lugha yenyewe limebeba hali ya mmiliki, *vol-a-pük*, lugha ya dunia. Zote mbili zilikusudiwa kujifunzwa haraka na watu wengi. Kitalmeri kilikusudiwa kionekane kimeishi, na kilichoishi huwa na makovu.

Baada ya "ni" naweka -m?

Usiweke. *To kor en*, yule ni mwindaji. Mwindaji hapo hatendwi chochote. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote.

Majina ya watu?

Yanafuata sauti ya mwisho. Asha anakwenda kundi la kwanza: *Asham*, *Ashale*. Jina lenye konsonanti mwishoni linakwenda la pili. Kundi la tatu halipokei wageni, kwa sababu jina jipya halina konsonanti ya kale ya kuificha.

Nami nabuni lugha yangu. Nianzie wapi?

Usianze na jedwali. Andika kisa kifupi chenye wahusika watatu wa aina moja, wote watu au wote wanyama, wanaopeana vitu na kufukuzana. Kitafsiri katika lugha yako. Pale utakapokwama usijue nani kafanya nini, hapo ndipo uhusika unapohitajika, na huenda ukakuta unahitaji hali mbili tu. Kisha amua sauti gani zinakataa kukaa pamoja. Makundi yatafuata. Na weka daftari moja tu, tafadhali. Sababu iko katika swali linalofuata.

Nimekutana na sentensi *Kor sirassu ve*. Wengine wanaitafsiri "mwindaji yupo jiweni", wengine "mwindaji yumo wimboni". Ipi ni sahihi?

Zote. Nilikuwa na madaftari mawili. Katika moja jiwe lilikuwa *sirak*, katika jingine wimbo ulikuwa *sirat*. Sheria ya tatu ilipozikata konsonanti za mwisho, zote zikawa *sira*. Kwenye kipozi zinatengana vizuri, *sirakem* na *siratem*, lakini kwenye mahali na utokako sheria ya nne inazigonganisha tena: *sirassu*, *siratta*. Sikugundua hadi msomaji mmoja aliponiuliza kwa upole kwa nini shujaa wangu, mwishoni mwa hadithi ya pili, amekaa juu ya wimbo akinoa kisu. Ningeweza kubadilisha neno moja. Sikubadilisha, na tangu hapo Watalmeri wanapoimba wanasemekana wamekaa jiweni.